Hesabu ya Zizi la Mwandu

Gratien Nduwimana alizaliwa Kabungu, mtoto wa wakulima wa mahindi wenye asili ya Burundi. Kwao kulikuwa na mbuzi wanne, na hakuna aliyeficha idadi yao. Alisoma Mpanda, akapanda treni kwenda Tabora na hatimaye Dar es Salaam, akawa daktari, kisha profesa. Kwa miaka ishirini alifundisha jinsi maradhi ya mifugo yanavyohamia kwa watu, akaalikwa kuzungumza hadi Geneva.

Andiko lililompa jina lilitokana na utafiti kijijini Majimoto. Wasaidizi wake walipita kwa wafugaji wa Kisukuma wakiuliza: una ng'ombe majike wangapi? Wakajibiwa kwa adabu, "Wachache tu." Walipong'ang'ania wakatajiwa thelathini, arobaini. Profesa akaandika. Wafadhili wakanunua chanjo ya ugonjwa wa kutupa mimba kwa hesabu hiyo.

Chanjo ilipofika, mzee Mwandu, mmoja wa wafugaji hao, alitengewa dozi arobaini. Ziliisha zizi likiwa bado limejaa.

"Mzee, ulisema arobaini!" profesa, aliyekuja na chanjo, alimwambia.

"Ulitaka niseme ngapi? Watu wako wanauliza mali yangu hata chai hawajanywa! Kwenu, ulivyotuhadithia, mnataja mbuzi kwa kuwa ni wanne."

Wanaume wakacheka. Kabula, mke wa Mwandu, hakucheka. Homa ilikuwa imemwandama miaka mitatu, mimba mbili zimeharibika, na sasa alikuwa na ya tatu.

"Baba Malale, utani baadaye. Profesa, hao waliobaki si ndio tunaowakamua?"

"Ndio, mama. Chemsha maziwa yote. Na kesho uje kituo cha afya tukupime."

Kabula alipimwa, akaanza dawa. Lakini ng'ombe waliobaki zizini hawakuwa na chanjo.

Profesa mwenzake Gratien chuoni alimshauri aseme dozi ziliharibika njiani. Nani angekwenda Majimoto kuhakikisha? Gratien alikataa. Kosa la msomi halipungui kwa kuwa limechapwa vizuri. Aliwaandikia wahariri kwamba takwimu zake si za kweli na andiko liondolewe. Wafadhili nao akawaeleza hivyohivyo. Jopo la kimataifa alilotazamiwa kuliongoza likapewa mtu mwingine. Hakulalamika, wala hakustahili kulalamika.

Kisha akarudi kwa Mwandu bila fomu. Akanywa chai, akakaa siku tatu. Asubuhi ya nne Mwandu alimwita langoni.

"Simama hapa. Kidole usinyooshe, huleta mkosi zizini."

Ng'ombe wakatoka mmoja mmoja. Profesa alihesabu kimoyomoyo: majike na mitamba mia moja themanini na saba.

"Mie sijakutajia kitu," Mwandu alisema.

"Hujanitajia, mzee."

Wafugaji wengine nao wakamwita kwenye malango yao. Miezi saba baadaye dozi zilifika za kutosha hesabu hiyo mpya. Mtamba wa mwisho wa Mwandu alipochomwa sindano, Kabula alikuwa jikoni, sufuria ya maziwa ikitokota mbele yake na binti wa wiki sita mgongoni.

"Profesa," aliita, "njoo unywe. Yamechemka."