Wimbo Nilioupokea kwa Maombi

Nimehama miji mingi, na kila nilikokwenda nilibeba mashine yangu ya gemu za zamani. Nilipofika Athi River nilinunua kompyuta kuukuu, nikaanza kuchukua muziki wa gemu hizo na kuupiga upya, polepole, kwa ngoma na kinanda.

Jumamosi moja Mama Mutuku, jirani yangu na mwenyekiti wa kwaya yetu, alisimama mlangoni akisikiliza hadi machozi yakamlengalenga.

"Baba Ndunge, huu wimbo umeutoa wapi?"

Ningesema ukweli. Lakini mtu wa miaka arobaini na tatu atamwambiaje mwenyekiti kwamba huo ni muziki wa kijitu kinachoruka mashimo?

"Nimeupokea tu, mama."

"Kwa maombi?"

Nikainamisha kichwa kwa aibu. Yeye akaona unyenyekevu.

Kufikia Jumatano kwaya ilikuwa imeutilia maneno ya Zaburi. Jumapili mchungaji akatangaza kwamba Askofu akija, nitasimikwa kuwa mzee wa kanisa, maana wanaume wanaoomba hivyo ni wachache. Nami, mjinga, nikanunua tai.

Siku ilipofika tuliuimba, mimi nikipiga kinanda, kanisa limejaa hadi nje. Askofu alifumba macho. Halafu nikaona vidole gumba vyake vikicheza juu ya Biblia: kulia, kushoto, kulia.

Akasimama, akashika kipaza sauti.

"Ndugu wa kinanda, huu si ni ule wa gemu, ngazi ya tatu? Mimi hufia hapo kila mara. Wewe huwa unavukaje?"