Kusudi la Muuza Nyama

Zamani mshitakiwa alieleza kizimbani mpaka akaishiwa na maneno, siku hizi anaulizwa swali moja tu na jibu lake ndilo linalomfunga.

Jirani yangu muuza nyama hakujua habari za sheria mpya. Alijua shoka. Alikuwa mfupi, shingo nene, aproni imekakamaa kwa damu. Mteja akilalamikia mfupa, alimjibu, "Nimekata kusudi, mama. Shoka langu halibahatishi." Basi tukamwita Kusudi.

Asubuhi moja dada yake aliingia buchani ameshika taya iliyovunjika. Mumewe, dereva wa lori, alimfuata na spana ya magurudumu.

"Shemeji, nipe mke wangu."

"Njoo umchukue."

"Nitakupasua na wewe!"

"Hapa anayepasua ni mimi, shemeji. Karibu."

Wateja wakacheka. Dereva akamkamata mkewe nywele, akamgonga uso kwenye meza, akainua spana. Shoka likashuka. Kiganja kikaangukia kwenye maini, vidole bado vimeishika spana.

Kusudi akashitakiwa kwa kujaribu kuua. Nilikwenda mahabusu kumweleza. Zamani hata aliyekiri aliulizwa kwa nini, na wazee wa baraza wakapima. Sasa anayekiri siku ya kwanza anapunguziwa kifungo, lakini hakuna shahidi atakayesikilizwa. Wanaiita kuharakisha haki. Hata utumbo hauchemshwi kwa haraka hiyo.

"Sema si kweli," nikamwambia kupitia nondo. "Hapo dada yako ataitwa, na taya yake wataiona."

"Niseme shoka liliniponyoka, mzee?"

"Sema hukutaka kuua. Basi."

"Haya, mzee. Nitasema."

Hakimu akasoma kwamba mshitakiwa, kwa kukusudia, alijaribu kumuua shemeji yake. "Kweli au si kweli?"

Kabla hajajibu, dereva akainua kigutu chake kilichofungwa bandeji. "Atasema lilimponyoka! Mchinjaji gani huyu, hata ng'ombe aliyelala anamkosa!"

Kusudi akamgeukia. "Nilikata kusudi! Ningetaka shingo, ningekata shingo."

"Mshitakiwa amekiri," hakimu akasema.

"Mheshimiwa, nisikilizeni mimi!" dada akapiga kelele kwa taya iliyofungwa waya.

"Kaa chini, mama. Hakuna ushahidi hapa. Kesi imekwisha."

Ndipo Kusudi alipoelewa. Aliruka kizimba, na marungu yakamshukia kichwani, mbavuni, magotini, mpaka sakafu ikateleza.

Mara ya mwisho niliwaona uani mwa mahakama. Askari walimburuta kuelekea karandinga, na dada yake ameng'ang'ania shati lake. Askari mmoja akampiga rungu vidoleni. Hakuachia. Akampiga tena. Shati likachanika, mlango ukafungwa, naye dada akasimama dirishani pa dereva wa karandinga, akimsimulia yote tangu mwanzo, damu ikimtoka mdomoni, huku yule akiwasha gari.