Andazi ndani ya Koti la Baba Mkwe

Mwanangu alipokaribia miaka mitatu alikuwa na tumbo la diwani na makalio ya kuku aliyenyonyolewa. Ukimtazama kwa mbele unasema huyu anakula vizuri. Akigeuka, unaona suruali imening'inia haina wa kuijaza. Kinyesi chake sitakieleza sana, wengine mnasoma huku mnakula. Niseme tu kilikuwa kingi, cheupecheupe, kinanuka mpaka nzi wanafikiria mara mbili, na kilikuja bila hodi. Halafu hasira. Mtoto aliamka amenuna, akalala amenuna, na watu wakasema basi, hilo karithi kwa mama yake.

Kila mtu Tukuyu akawa daktari. Mama mkwe akasema minyoo, tukampa dawa ya minyoo mpaka nadhani minyoo ya jirani ilikufa pia. Jirani akasema ni meno ya nailoni, kuna mzee Lufingo anayang'oa kwa spoku ya baiskeli. Nikamwambia huyo mzee aanze kung'oa yake, akibakiwa na nguvu anitafute. Mume wangu, anayebeba viazi vya Isongole kwa bodaboda kutwa nzima, alisema, "Labda ndivyo alivyo tu." Siku hiyo alijipikia mwenyewe.

Na wote, madaktari hao wa bure, walikubaliana jambo moja: mtoto apewe lishe. Kwa hiyo nikamchemshia uji wa unga mchanganyiko, wenye ngano ndani yake, na chapati pembeni. Alivyozidi kukonda ndivyo nilivyozidi kusukuma chapati.

Mwishowe tulipelekwa hospitali kubwa Mbeya. Daktari alikuwa dada mdogo, nadhani tunalingana umri, na aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: haya yalianza lini? Nikafikiri. Yalianza baada ya ule uji na zile chapati. Akaweka kalamu chini. Akasema upo ugonjwa unaitwa siliaki. Ngano na shayiri zina kitu kinaitwa gluteni, na kuna watoto ambao mwili ukikutana nacho unageuka kuushambulia utumbo wake wenyewe. Utumbo mwembamba ndani una vinyweleo kama zulia, ndivyo vinavyofyonza chakula. Kwa mtoto wa hivi vinyweleo vinalala, zulia linabaki sakafu, na chakula kinapita kama basi lisilo na kituo. Hapo nikakumbuka somo la Baiolojia, mwalimu akichora zulia hilohilo ubaoni, mimi nimelala.

Nikamwambia leo hii ngano naitupa. Akasema hapana, usimwachishe kwanza. Ukimwachisha kabla ya vipimo, vipimo vitadanganya. Kwa hiyo nikarudi nyumbani na amri ya daktari ya kuendelea kumpa mtoto kilekile kinachomuumiza mpaka wamalize kupima damu, halafu wamwingize kamera ndogo mpaka tumboni. Chapati za kipindi kile nilizisukuma kwa ngumi.

Majibu yakaja: ndiyo, ni siliaki. Haina kidonge. Dawa yake ni kuacha ngano, maisha yake yote, na hata kidogo ni nyingi.

Nilipofika nyumbani nikakaa jikoni nikacheka peke yangu. Kumkataza mtu ngano hapa kwetu ni kama kumkataza nyama ya ngamia. Nje kuna ndizi mpaka zinaegemea ukuta. Kuna viazi, magimbi, mahindi, maharage, maparachichi, maziwa, na mchele wa Kyela uko sokoni. Mungu alikwishampikia huyu mtoto kabla hajazaliwa. Na kweli, tumbo likaanza kushuka. Makalio yakafika, yamechelewa lakini yamefika. Asubuhi moja aliamka akacheka, nikatoka nje kuwaita watu waje waone.

Halafu tumbo likarudi.

Nikapekua nyumba nzima. Nikabadilisha sufuria. Nikaacha kusagisha mahindi kwenye mashine inayosaga na ngano. Tumbo liko palepale, na kile kisichokuwa na hodi kimerudi. Siku moja namvua gauni nikasikia harufu ya iliki. Nikamnusa mdomo. Iliki.

"Nani kakupa andazi?"

"Babu."

Sasa hapa lazima nieleze jambo, maana mgeni hatanielewa kwa nini sikuvuka tu uwanja nikamalize maneno. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana, yaani mke wa mtoto wa kiume, hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hazungumzi naye, wala hapiti alipo. Mjini wengi wameacha. Kwenye ukoo nilioolewa hawajaacha kitu. Yeye anakaa ng'ambo ya migomba yetu, na nikisikia kikohozi chake njiani mimi naingia migombani. Nimeshaingia migombani na beseni la nguo kichwani. Nimeshaingia choo cha jirani, na jirani mwenyewe alikuwa ndani.

Kwa hiyo yule aliyekuwa anamuumiza mwanangu kwa mapenzi ndiye mtu pekee duniani ambaye siruhusiwi kumwambia aache.

Nikatuma ujumbe. Nilianza na mama mkwe.

"Mama, mwambie baba akimpa mtoto andazi tena, lile koti lake analovaa kila siku nalitumbukiza chooni."

Akaenda. Mimi nyuma ya migomba, nasikia kila neno.

"Mkamwana wako anakusalimu," akamwambia. "Anasema koti lako likichafuka atalifua."

"Ndaga," mzee akasema, yaani asante. "Mwambie ndaga sana."

Nikamtuma mume wangu. Akakaa huko muda mrefu, akarudi anatafuna.

"Umemwambia?"

"Nimemgusia."

"Unatafuna nini?"

Akameza.

Nikaona bora nimtume mtoto mwenyewe. Nikamfundisha kutwa: Babu, ngano inaniumiza tumbo. Akairudia vizuri kama shairi la shuleni. Nikamwachia. Akarudi na andazi mkononi.

"Umesemaje?"

"Tumbo linauma."

Na babu, kwa huruma yake, akatibu tumbo.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na ile mvua yetu isiyonyesha wala kuacha. Babu alikuwa ameshaondoka na mtoto mgongoni. Nikavaa mabuti nikawafuata Makandana, kwenye kibanda cha chai cha mama mmoja ambaye wazazi wake walitoka Pwani wakaja kufanya biashara huku. Maandazi yake yanasifika, na kwa ajili hiyo nilikuwa nimemchukia bila kosa. Ndani kulikuwa na wateja kwenye mabenchi, na mwisho wa benchi alikaa baba mkwe, mwanangu mapajani, andazi limeshafika nusu.

Aliponiona akafanya kama mila inavyotaka: akajifunika koti kichwani. Tatizo ni kwamba alimfunika na mtoto. Kwa hiyo nikawa nimesimama mbele ya koti lenye miguu minne, na ndani ya koti kuna mtu anatafuna.

Nikaligeuzia mgongo. Mbele yangu palikuwa na jiko, na juu ya jiko birika kubwa jeusi la chai.

"Birika," nikasema.

Wateja wakashusha vikombe.

"Birika, naomba unifikishie ujumbe. Huyu mtoto akila ngano, utumbo wake unachunwa kwa ndani. Lile tumbo kubwa si njaa wala minyoo, ni ugonjwa. Daktari ameuona kwa kamera. Hata kipande kama ukucha kinamuumiza."

Birika likafoka mvuke. Sauti ikatoka ndani ya koti.

"Birika, mwulize huyo mtu. Tangu lini chakula kinaumiza mtoto? Nimelea watoto wote wale kwa chakula."

"Birika, mwambie wale alilea kwa ndizi."

"Ndizi na huyu anakula. Lakini wenzake wote wanakuja hapa wanakula andazi, mke wangu yeye anatazama." Huyo mke wake ni mwanangu, mababu wa kwetu huwaita hivyo wajukuu wa kike. "Mke wangu hawezi kukaa anatazama vinywa vya watu."

"Hapo mzee ana hoja," akasema mteja mmoja aliyekuwa na dumu la maziwa.

"Wewe hujaulizwa, limeulizwa birika," mwenye kibanda akamwambia. "Na nyie wawili, birika langu mmeligeuza simu. Watu wanataka chai."

Nikafunga mikono kifuani. "Birika, la mwisho. Yeye ndiye anayembeba huyu mtoto mgongoni kila siku. Mwulize, alipoanza kuwa mzito, nani alimhisi wa kwanza? Na sasa je? Asinijibu mimi. Amwinue tu, aone."

Sikugeuka. Nilisikia benchi likilia, kama mtu ananyanyua kitu na kukishusha. Nikasikia kutafuna kumeacha. Halafu mwenye kibanda akanionyesha kwa kidevu, nikatazama kwa pembe ya jicho: mkono wa mzee umetoka chini ya koti, umeshika andazi lililoumwa, ukaliweka mezani taratibu, ukarudi ndani.

Na mwanangu, ambaye alikuwa amefuatilia mazungumzo yote akiwa gizani, akatoa kichwa kati ya vifungo vya koti, akalitazama jiko, akapiga kelele:

"Birika! Nataka andazi!"

Watu wakacheka mpaka mwenye dumu akamwaga maziwa. Koti nalo lilikuwa linatikisika. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira bado, na mdomo wangu ulikuwa unanisaliti, nikauma kanga.

Mwenye kibanda akafuta mikono. "Kwani ni ngano tu? Mchele je?"

"Mchele anakula."

"Sasa mnagombana nini? Si nimpikie vitumbua. Marehemu mama yangu alinilea kwa vitumbua."

Huyu si mkwe wangu, kwa hiyo nilimwambia usoni. Mchele autwange mwenyewe, usipite kwenye mashine ya ngano. Chuma cha vitumbua kiwe chake peke yake, mafuta yasiwe yaliyokaangia maandazi, na apike kabla hajafungua mfuko wa ngano, maana ule unga unapaa.

"Masharti kama ya mganga," akasema.

"Mganga angetaka na mbuzi."

"Basi unadaiwa mbuzi," akasema, akamimina chai.

Tumbo limeshuka tena, safari hii limekaa huko. Shida niliyonayo sasa ni kwamba baba mkwe amekuwa mkali kunizidi. Kwenye harusi ya juzi alimpokonya mtoto keki mbele ya bibi harusi, akaiweka kwenye koti, akamtolea kitumbua kwenye mfuko wa pili. Mifuko haichanganyi: wa kushoto ni wa tumbaku, na wa kulia ni wa mke wake. Wajukuu wengine nao sasa wanataka vitumbua, maandazi wanayaona ya kizamani.

Jana jioni nilikuwa jikoni, nikasikia kikohozi kwenye banda la ng'ombe, nyuma ya ukuta.

"Ng'ombe," akasema.

Nikazima redio.

"Ng'ombe, mwambie mama mtoto, huyu mtoto sasa ni mzito. Nimetoka naye kibandani mpaka hapa, mgongo wote unaniuma."

"Ng'ombe," nikajibu kupitia ukuta, "mwambie basi amshushe, atembee mwenyewe."

Ng'ombe anatafuna. Mwanangu anacheka huko juu mgongoni.

"Ng'ombe, mwambie hapana."