Hisa Alizomchagulia Kaisa

Treni ya mizigo ilipofunga barabara pale kwenye kivuko cha reli, madereva wengine walipiga honi, wakatukana, wakageuza magari kutafuta njia ya kuzungukia. Irja Hautala alizima injini. Alishusha kioo ingawa theluji ilikuwa ikipeperukia ndani, akaegemeza kiwiko dirishani, akayatazama mabehewa yakipita, ya ngano, ya mbao, ya mbolea, kama mfugaji aliyesimama mlangoni mwa zizi akipokea ng'ombe wake. Alikuwa na hisa za kampuni ya reli, si nyingi. Katika miaka yote tuliyokuwa majirani nilipanda gari lake mara nyingi, na sikumwona hata siku moja akikimbilia kuvuka kabla ya treni.

"Bibi, treni ni yako?" mjukuu wake Kaisa alimuuliza kutoka kiti cha nyuma.

"Gurudumu moja tu."

"Lipi?"

"Lile linalopiga kelele."

Kaisa akatega sikio mpaka behewa la mwisho, kisha akatangaza kwamba amelisikia.

Kaisa alikuwa na miaka kumi na miwili wakati huo. Alizaliwa na hali ya Down. Alijua nyimbo nyingi na majina ya mbwa wote wa mtaani, lakini chenji ya dukani ilimshinda, na mama yake, Marja, alikwisha kukubali kwamba itamshinda daima. Marja alikuwa binti pekee wa Irja, na alimlea mtoto yule bila mume.

Irja mwenyewe alifua mashuka ya hospitali hapa Thunder Bay, Kanada, mpaka alipostaafu. Marehemu mumewe, Toivo, alimwachia kibanda kando ya Ziwa Superior, pamoja na sauna ya kuni, chumba cha kuogea mvuke wa mawe ya moto, iliyoungana nacho. Hisa alizinunua mwenyewe, kidogo kidogo, tangu ujana: benki, reli, bomba la gesi, umeme. Alipenda kampuni zinazotoa gawio, yaani fungu la faida kwa wenye hisa, kila robo mwaka. Alizipenda kama watu wa hapa wanavyopenda vichaka vyao vya matunda ya porini, ambavyo kila familia ina chake na haimwambii mtu kiko wapi. Bei ikipanda hakuringa, ikishuka hakulia. Alichotaka kujua ni kama gawio linatoka katika faida ya kweli, au kampuni inakopa ili ionekane inalipa.

"Anayekopa ili akupe zawadi," alisema, "siku moja atakuja kuidai."

Gawio hilo ndilo lililolipa kodi ya kibanda na kuni za majira ya baridi. Mwaka ule lilikuwa na kazi nyingine: paa la kibanda lilikuwa limeoza upande wa ziwani, na fundi alikwisha kuja kulitazama.

Jumamosi moja ya Machi tulikuwa katika chumba cha nje cha sauna, tumejifunga taulo, kila mtu na kikombe chake cha kahawa. Dirishani ziwa lilikuwa bado limeganda, jeupe chini ya mbingu nyeupe, na mtu asingeweza kusema barafu inaishia wapi. Kaisa alikuwa amelala kwenye benchi, kichwa mapajani mwa mama yake. Marja akasema, polepole, kana kwamba anaziambia nywele za mtoto:

"Mimi nikifa, huyu atatunzwa na nani?"

Kuni zikapasuka ndani ya jiko.

"Nikifika themanini, yeye atakuwa na hamsini," akaendelea. "Nani atamlipia pango? Nani atamnunulia viatu?"

Irja aliweka kikombe chini. "Basi tumnunulie vitu vya kumfaa akiwa na hamsini."

"Wewe na hisa zako!" dada yake mkubwa, Sirkka, akamrukia. "Vitu gani hivyo tena?"

"Vinavyokua. Gawio ni la mzee kama mimi, ninayekula leo. Huyu leo ana mama yake."

"Kwa umri wako huo unaanza kupanda miti?"

"Nani kakwambia nitakaa kivulini?"

"Na paa je?"

"Lina matundu madogo tu."

"Madogo! Mwaka jana nimeoga hapa mara mbili, na mara moja tu ndiyo nilikuwa nimevua nguo."

Tulicheka mpaka Kaisa akaamka, akacheka naye bila kujua kwa nini. Lakini Irja alikwisha kuamua. Hisa zake hataziuza. Gawio lote litaingia katika akaunti ya Kaisa, ile ya watu wenye ulemavu ambayo serikali huongezea juu ya unachoweka. Humo Marja atanunua hisa za kampuni zinazokua, zitakazochaguliwa na mama yake. Irja ataishi kwa pensheni, na paa litasubiri.

Kosa alilolifanya kwanza lingeweza kufanywa na watu wa hapa tu. Ndani ya chumba cha moto kulikuwa na sheria: hakuna ugomvi, hakuna habari za fedha. Kulikuwa pia na imani ya zamani kuliko sheria, kwamba mtu aliye uchi mbele ya mawe yale hasemi uongo. Basi rafiki yake Lempi, ambaye mkwe wake aliendesha mtambo wa kuchoronga miamba katika mgodi mdogo huko kaskazini, alisubiri maji yamwagwe juu ya mawe, mvuke ukafunika nyuso zetu, akavunja sheria, akanong'ona:

"Wamefika kwenye dhahabu. Mkwe wangu kaiona kwa macho yake. Na hisa bado ni za senti."

Irja hakuwahi kununua hisa za benki bila kusoma hesabu zake za miaka ya nyuma. Za mgodi ule alizinunua bila kusoma ukurasa mmoja. Mji huu umelelewa na migodi. Ukituambia kitu kinakua, tunafikiria shimo. Hisa zilipanda majira yote ya joto. Theluji ya kwanza ilipoanguka mgodi ukafungwa. Dhahabu ilikuwapo, ila kidogo mno, tena chini mno.

Lempi alikuja akilia, akasimama mlangoni na viatu vyenye theluji.

"Nimekuponza, Irja."

"Ulisema uongo?"

"Haki ya Mungu, hapana."

"Najua. Ndiyo maana niliamini." Akamvutia kiti. "Kumbe jambo linaweza kuwa kweli moyoni mwa mtu na lisiwemo ardhini. Kunywa kahawa."

Majira yale ya baridi Irja alikaa sana dirishani, miwani puani, akisoma. Mara nyingine nilimkuta amenyanyua macho, anatazama theluji ikishuka bila sauti juu ya uzio, na nikasita kumwita. Nadhani alikuwa akimwona Kaisa mwenye umri wa miaka hamsini, mwanamke mwenye mvi, amesimama katika chumba ambacho sisi sote hatumo. Kila kampuni aliiuliza swali moja: faida isiyogawiwa inaipeleka wapi? Zilizoitumia kununua washindani kwa bei ya juu aliziacha. Zilizokuwa na ahadi tupu bila faida aliziacha pia. Mwishowe alichagua moja ya papa hapa Kanada, inayotengeneza programu za kompyuta za kuendeshea maghala. Haikuwahi kutoa gawio. Kila senti iliyobaki ilirudishwa kazini.

"Inafanana na Toivo," aliniambia. "Hakuniletea ua hata siku moja. Lakini kila baada ya miaka michache nyumba ilipata chumba kipya."

Robo mwaka baada ya robo mwaka, gawio la reli na benki liligeuka kuwa hisa za maghala. Kisha, mwaka wa pili, bei ikaanguka. Marja aliingia jikoni kwa mama yake bila kuvua koti, simu mkononi.

"Mama, nusu imekwenda. Nusu! Niuze kilichobaki?"

"Wateja wao wamepungua?"

"Sijui mimi."

"Tazama basi."

Marja akatafuta kwenye simu. "Wameongezeka. Lakini bei..."

"Basi waliokimbia ni wenye hisa."

"Na kuhusu ule mgodi hukusema hivyohivyo?"

"Mgodi haukuwa na wateja, mwanangu. Ulikuwa na Lempi."

Marja alicheka, na kicheko kikamgeukia kilio. "Sitaki utajiri, Mama. Nataka tu asije akaombaomba."

"Najua."

Marja hakuuza siku ile. Wala hakuahidi kwamba hatauza.

Majira ya kuchipua yalipofika, theluji nzito iliangusha paa la kibanda upande wa ziwani. Tulisimama ndani tukitazama mawingu yakipita juu ya meza ya Toivo. Sirkka hakusema neno, na Sirkka akinyamaza ni sawa na mtu mwingine kulia. Irja alipangusa meza kwa kiganja, akauliza kama kuna mtu mwenye turubai. Tukalifunga. Jumamosi zilizofuata tuliendelea kuwasha sauna, na tulipotoka kwenye moto kwenda kupumzika mle kibandani, mwanga uliopenya turubai la buluu ulitufanya tuonekane kama watu wanaoishi chini ya ziwa. Kaisa alipenda hivyo kuliko paa lolote. Aliogelea hewani kutoka ukuta hadi ukuta, na bibi yake akamtazama kama alivyotazama treni.

Moyo wa Irja ulianza kuchoka kabla majani hayajaanguka. Walimlaza katika hospitali ileile aliyoifulia. Nilipomtembelea alikuwa amefumba macho, akishika pindo la shuka kwa vidole viwili, akilipima, bila kutoa hukumu. Bei ya hisa zile ilikuwa bado haijarudi pale walipoanzia kununua. Marja alikuwa kwenye korido na Kaisa, wakibishana juu ya juisi mbele ya mashine, na sauti zao zilitufikia kwa mbali, kama za watu walio ng'ambo ya maji. Nje ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa, na meli ya nafaka ilikuwa ikiingia ndani yake taratibu.

Irja alifumbua macho, akasikiliza sauti zile za korido kwa muda mrefu.

"Mwambie Marja asiuze," akaniambia. "Na ikimbidi auze, asiuze Jumatatu. Jumatatu watu huamka na hasira."