Shikamoo, Mwenye Bwawa

Nilipokuwa mtoto kule Rudewa, sikuruhusiwa kuchota maji mtoni kabla ya kumwamkia kiboko. Bibi, mama yake mama, alinisimamisha mbali na ukingo, ndoo mkononi, akasubiri nitamke: "Shikamoo, mwenye bwawa." Kiboko alitikisa masikio, akapuliza maji puani, akazama. Bibi aliichukua hiyo kuwa ndiyo marahaba yake.

Alisema yule jike ndiye aliyewashika samaki wote wa bwawa lile la mtoni, na chakula chake kilikuwa ukanda wa majani kati ya mto na mpunga wetu. Hapo hapakufyekwa, hata kwa kuezekea. "Mkimnyima majani, naye atawanyima kitoweo," alisema Bibi, na mjadala ukaishia hapo.

Mjomba Hamisi, mdogo wake mama, alikuwa mbishi wa kuzaliwa. Mwaka aliozaliwa mdogo wangu Saidi, mjomba aliufyeka ukanda wote akapanda mpunga hadi ukingoni. Kiboko alipokosa majani akaingia kwenye mpunga, maana angekula nini? Mjomba akakusanya vijana wenzake, wakawa wanapiga madebe na kuwasha moto kila jioni mpaka mnyama akahama. Tulifurahi sote, isipokuwa Bibi. Nikawa nachota maji bila salamu, najiona nimekua.

Mvua za vuli zilipokatika, maji yakatulia, yakawa meupe ya kupendeza. Tuliyasifu, kumbe hayakuwa na kitu. Perege walipungua, wakafuata kambale, mwisho nyavu zikawa zinarudi na matope tu. Ghala nalo lilikuwa limekwisha, na mavuno yalikuwa bado. Mama alikuwa mzazi, na supu ya kambale ndiyo iliyokuwa ikimpa maziwa. Maziwa yakapungua. Saidi alilia mpaka sauti ikamkauka, na mimi niliogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa kiboko.

Bibi hakumkaripia mjomba. Alimwambia tu, "Hamisi, mtoto wa dada yako analia."

"Mama, kiboko na maziwa ya dada vinahusiana nini?"

"Sijui. Ulipomfukuza, wewe ulijua?"

Asubuhi nilimkuta mjomba ameinama kando ya mto, anang'oa mpunga wake uliokwisha kuchanua. "Siamini hata kidogo," aliniambia, wala sikuwa nimemuuliza. "Ila dada ninaye mmoja." Akaendelea kung'oa mpaka ukanda wote ukabaki wazi.

Mama Kulwa, jirani yetu mfugaji aliyehamia kutoka kanda ya ziwa, alimletea mama maziwa ya ng'ombe kila asubuhi, na Saidi akavuka salama. Masika yakaja, majani yakaota, na siku moja nikasikia mpulizo ule wa puani. Niliweka ndoo chini nikamwamkia kwa heshima zote. Samaki walirudi polepole, na Bibi hakusema "niliwaambia".

Siku hizi naishi Mikumi. Binti yangu alinieleza walivyofundishwa shuleni: kiboko hula majani nchi kavu, akaja kuyanya majini, kinyesi kikalisha vidudu, vidudu vikalisha samaki. Nikacheka sana kusikia kwamba supu ya mama ilianzia kwenye mavi. Bibi hayo hakuyajua. Alijua tu kwamba majini kuna anayekula kwetu na kutulisha, na kwamba aliyekulisha huamkiwa. Namshukuru kwa hilo, na namshukuru mjomba zaidi, aliyeng'oa mpunga wake bila hata kuamini.

Mwezi uliopita tuliingia hifadhini, mimi, binti yangu na Saidi, ambaye sasa ana kitambi. Penye bwawa la viboko nikanong'ona, "Shikamoo, mwenye bwawa."

"Marahaba," akaitikia Saidi nyuma yangu.

Nilicheka, kisha machozi yakanitoka. Binti yangu akauliza nalia nini. Nikamwonyesha mjomba wake Saidi.