Mikono ya Josefina

Josefina alirudi Muyinga kutoka Tanzania akiwa mtu mzima, hana ndugu wala shamba la maana. Kilichomfanya awe mwenyeji ni vidole vyake. Hakuna aliyejua kuondoa machipukizi ya pembeni ya nyanya kama yeye: anabana kwa kidole gumba na cha shahada, chapu, shina halipati jeraha. Msimu wa nyanya tulimgombania. Asubuhi yuko kwa Bernadette, mchana kwangu, jioni kwa Néhémie, na kila nyumba ilimwekea sahani yake.

Mwaka jana majani yakaingia mabaka, yakajikunja, nyanya zikabaki ndogo na ngumu. Tulipiga dawa ya wadudu mpaka tukakata tamaa. Ndipo akaja Ignace, kijana wa Yoba kule Gitega, anayekisia kwa hesabu za kompyuta ugonjwa wa mimea utaelekea wapi. Hesabu yake ya kwanza iliwategemea wadudu, ikakosea vibaya. Akawatoa wadudu, akatuuliza mashamba yapi husaidiana, akaweka mikono ya watu wanaopita kati ya mashamba hayo. Safari hii mashamba yaliyougua kwenye kompyuta yakawa ndiyo yaliyougua kwetu, moja baada ya jingine.

Alituonyesha picha ya mashamba hayo mkutanoni, uso umejaa furaha. "Hii ugonjwa haiko ya wadudu. Kirusi iko inapita mu mikono, shamba kwa shamba. Munawe na sabuni, c'est tout, ni hiyo tu."

Habari ya sabuni haikumwingia mtu. Tulikuwa tunayafuata mashamba kwenye ile picha: kwa Bernadette, kwangu, kwa Néhémie. Kisha macho yote yakamgeukia Josefina, aliyekwisha kuficha mikono ndani ya kitenge.

Baadaye Josefina alimfuata Ignace nje. "Mwanangu, si ungeniambia kwanza nyumbani?"

Ignace akanywea. "Mi sikukuwa najua kama ni we, mama. Mu kompyuta hamukukuwa majina. Mulikuwa mikono tu."

Ile hesabu ilikuwa sahihi, nami naichukia mpaka leo. Msimu huu nyanya zetu zimestawi. Josefina ananawa mpaka ngozi inapasuka, lakini majirani hawamwiti tena. Nilimwomba aje kwangu. Akasema ana kazi, na kazi hana.

Kwetu mwenye mikono michafu hukusalimu kwa kukupa kifundo cha mkono, asikuchafue. Jumapili kanisani, tulipotakiana amani, nilimnyooshea Josefina mkono. Vidole vyake vilinukia sabuni. Akavikunja, akanipa kifundo.