Punda Aliyetaka Mbukwenyi

Juzi nilipita Miyuji, hapa Dodoma, nikamkuta mpangaji mmoja analalamika kwamba bomba limekauka tangu asubuhi. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Ndugu yangu, sisi maji yetu yalikuwa na miguu minne, na masikio ambayo ukiyatandika mtoto analala.

Alikuwa punda wa jirani yetu, mzee muuza maji, na mtaa mzima tulimwita Mheshimiwa. Alibeba madumu manne bila kunung'unika, ila hakuinua kwato bila salamu, tena ya Kigogo: "Mbukwenyi!" Ukimpa shikamoo anakutazama tu, kama karani anayekaribia kwenda kula. Watumishi wa serikali waliohamia kutoka mikoani walijifunza Kigogo kwa kiu. Jioni tukicheza mpira alisimama golini, na naapa aliokoa penalti nyingi kuliko kipa yeyote wa Area D.

Kisha bomba likafika mtaani. Siku moja tulitoka shule tukakuta mnunuzi wa ngozi za punda ameizungusha kamba ya Mheshimiwa mkononi. Mzee alikuwa ameshapokea hela, ameketi juu ya dumu, anazikagua katambuga zake kana kwamba ndiyo kwanza anaziona.

Mnunuzi akavuta. Wapi! Akasukuma, akabembeleza, akatukana, jasho likamtoka la kujaza dumu zima.

"Mzee, umeniuzia punda mgonjwa!"

"Si mgonjwa. Anasubiri."

"Anasubiri nini?"

"Muulize mwenyewe. Si wako sasa?"

Sisi watoto tulijua neno moja tu lingemwondoa, basi tukabana midomo. Mdogo wangu aliuziba wake kwa mikono miwili. Mnunuzi angechoka, angekwenda zake.

Ndipo bibi akatokea, anatoka mashineni na beseni la unga wa uwele kichwani. Bibi yangu hakumpita kiumbe bila kumsalimu. Hata kuku wa watu aliwaulizia hali. Tukampungia, tukamkonyeza. Mimi nikajitupa chini nikashika tumbo. Bibi akaniruka.

"Mbukwenyi!"

Moyo wangu ukadondoka mchangani. Mheshimiwa akatikisa kichwa, akaondoka.

Tulikuwa tumesahau jambo moja: kwake yeye, aliyesalimu ndiye aliyeagiza maji, na mteja hufuatwa mpaka mlangoni. Akamfuata bibi. Mnunuzi akaburutwa kupita shimo la taka, kupita kamba ya nguo, akaingia uani kwetu na gauni la jirani limemkaa kichwani. Mheshimiwa naye akatumbukiza mdomo kwenye sufuria ya mlenda.

"Nirudishie hela yangu!"

Mzee, aliyekuja mbio nyuma yetu, alikuwa ameshaitoa mfukoni kabla neno halijaisha.

"Mgeni, pole," bibi akasema. "Kaa kwanza upate ugali." Akakaa. Akala, tena akaongeza.

Mzee hakumuuza tena, wala hakumbebesha kitu. Mheshimiwa akastaafu. Kila jioni watu walimletea pumba, maganda ya matikiti, majani ya viazi; huyu anamchana mgongo, yule anamsimulia shida za kazini. Alinenepa hadi kichochoro chetu kikawa cha kupita mmoja mmoja. Uzee ulipomchukua, masika moja, tulimlilia kama mtu, kisha tukakaa mpaka giza tukisimuliana vituko vyake na kucheka.

Siku hizi jirani yangu ana ukuta, na juu ya ukuta vipande vya chupa. Nasikia mnyama analia upande wa pili, na sijui hata anaitwa nani.